Silvanus wa Mwaka Jana

Silvanus Ndunguru aliishi Temple Hills, Maryland, ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo karatasi ya kuomba radhi kwa ubovu wa lifti ilikuwa imechakaa kuliko lifti yenyewe. Alikuja Marekani kusomea udongo. Nia yake ilikuwa kurudi Mbinga kuwaeleza watu kwa nini vilima vyao haviporomoki mvua inaponyesha, jambo ambalo watu wa Mbinga walikuwa wamelijua tangu enzi za mababu bila shahada yake. Shahada aliipata. Kazi iliyopatikana ikawa Landover, kwenye ghala la vitanda vya wagonjwa vya kukodisha, akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Udongo aliokutana nao tangu hapo ni ule ulioganda kwenye matairi.

Aliwahi kuoa. Yeye na mkewe walichokana kwa adabu, bila kuvunja sahani, na mke akahamia Houston ambako, kwa maelezo yake, kuna jua. Hawakuwa na mtoto. Silvanus alibaki na kochi, televisheni na simu, na kati ya hivyo vitatu, kilichokuwa kikizungumza naye kwa Kiswahili kilikuwa kimoja.

Ndani ya simu kulikuwa na Mbinga. Kundi la WhatsApp liliitwa Familia ya Mzee Ndunguru, na aliyelianzisha na kulitawala ni dada yake mkubwa, Benadetha, mwalimu mstaafu aliyeendesha kundi kama alivyoendesha darasa la nne. Silvanus alipokuwa akiamka, Mbinga walikuwa wamekwisha kula chakula cha mchana, kwa hiyo kila asubuhi alikuta wenzake wameshaiishi siku kwa niaba yake: nani amelazwa, ng'ombe wa nani ameingia shamba la nani, nani amepata kipaimara, na shangazi gani ametuma mahubiri marefu bila kuyasikiliza. Yeye alijibu kwa maneno matatu aliyoyamiliki. Amina. Hongera. Poleni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini alikuwapo, na kwenye kundi la ukoo, kuwapo ni nusu ya kazi.

Mwaka jana katikati, kaka yake aitwaye Osmundi alifariki. Osmundi ndiye aliyefuatana naye kuzaliwa, aliyelala naye kitanda kimoja wakigombea blanketi. Silvanus hakwenda kumzika. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa mezani kwa watu wa uhamiaji, na ukitoka nchini kabla hazijajibiwa, unaweza kujikuta unaomba kuingia kama mgeni katika nchi uliyoishi nusu ya umri wako. Sababu hiyo inaeleweka sana Maryland. Mbinga haieleweki. Mbinga, mtu amekuja kuzika au hakuja. Aliangalia maziko kwenye simu akiwa ameketi kwenye gari lake nje ya ghala, picha ikikwama kila jeneza liliposogea, kisha akaingia kazini.

Kwa miezi kadhaa kundi liliendelea kama kawaida, au yeye aliona hivyo. Halafu, siku chache kabla ya Krismasi, simu ilijisasisha yenyewe usiku, na asubuhi WhatsApp ikamwambia kwamba namba yake haitumiki tena kwenye simu hii. Ikataka namba. Alijaribu ile ya nyumbani, ya Tanzania, ambayo ndiyo aliyokuwa akiitumia humo tangu siku ya kwanza kwa sababu ndiyo wote waliyoijua. Ikasema itatuma tarakimu za kuthibitisha kwenye laini hiyo, na laini yenyewe ilikuwa Mbinga, ndani ya simu ndogo ya tochi, ndani ya kabati la marehemu. Alikuwa anachelewa kazini. Akaingiza namba ya Marekani. Ikafunguka, nyeupe, haina mtu.

Hakushtuka. Kwa fahamu zake, kundi liko ndani ya simu kama redio ilivyo ndani ya gari, litarudi. Jioni halikurudi. Kesho yake halikurudi. Alimwandikia dada yake: Krismasi njema dada yangu, Mungu awabariki nyote. Hakuandika jina, kwa kuwa jina hujiandika lenyewe juu ya ujumbe, au ndivyo lilivyokuwa likifanya siku zote. Ujumbe ulifika na haukujibiwa. Akampigia, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena siku ya mwaka mpya, hivyo hivyo.

Mtu mwingine angeuliza. Silvanus alikuwa na hesabu yake tayari, na jibu lilikubali vizuri mno: hakuja kuzika, wamesubiri msiba upoe, wamemtoa. Hata hakukasirika. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu, na hakuwa na wa kumuuliza: je, kule kwao bado anahesabiwa?

Miezi ilipita hivyo. Jumapili ya misa ya Kiswahili alikaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya chai, kwa sababu kwenye chai watu huuliza. Kazini aliyeuliza ni Simiyu, Mkenya wa Bungoma aliyepakia malori, kijana wa maneno mengi.

"Niaje mzee? Watu wa home wako fiti?"

"Wazima kabisa."

"Na sister yako ule mwalimu?"

"Mzima. Anasalimia."

"Mwambie siku moja nitakuja huko anifunze Kiswahili yenye haina makosa."

"Nitamwambia."

Alitoa taarifa hiyo ya afya karibu kila siku, bila chanzo chochote.

Mwezi wa nne simu ikakataa kuingiza chaji. Ndipo Jumamosi moja akaenda kwa Khalfan.

Khalfan alikuwa mtu wa Tanga aliyetengeneza simu kwenye kona ya duka la vyakula huko Landover, kati ya jokofu la samaki wabichi na rafu ya unga wa mhogo, kiasi kwamba simu zilizotoka kwake zilinukia dagaa kwa siku mbili tatu na hakuna aliyelalamika. Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wengine waliiona ni kupoteza muda. Kabla ya kufungua simu ya mtu, aliinakili yote kwenye kompyuta yake, vile ilivyo siku ile. Akimaliza kutengeneza aliilinganisha na nakala, mbele ya mwenyewe, ili kila mtu aone kwamba hakuna kilichopotea mikononi mwake. Alianza hivyo baada ya bibi harusi wa Silver Spring kumshtaki duka zima lisikie kwamba amempotezea picha za harusi, ambazo baadaye ilibainika alizifuta mwenyewe pamoja na bwana harusi.

"Karibu, kaka Silvanus. Wewe na simu yako bado mnaishi pamoja?"

"Haili chaji."

"Na wewe unakula? Mbona umekonda hivyo?"

"Nakula."

"Haya." Khalfan aliingiza sindano kwenye tundu la chaji, akatoa kitu kama sufi. "Ona. Hii ni mifuko ya suruali yako yote ya baridi. Hapa hamna ugonjwa. Lakini ngoja niinakili, maana ninyi watu wa bara mkitoka hapa mnaanza kukumbuka mali ambazo hamkuwa nazo."

Simu ilipokuwa ikinakiliwa, Khalfan alikumbuka kwamba alikuwa na nakala nyingine ya simu hiyo hiyo, aliyoichukua mwaka jana baada ya Pasaka alipobadilisha kioo. Akasema atailinganisha na hiyo, kwa kuwa kwa leo hakuna alichokifungua na mtu hawezi kumtoza mteja kwa kuchokonoa uchafu bila kumwonyesha sinema kidogo.

Kompyuta ikaleta safu mbili. Kushoto simu ya mwaka jana, kulia simu ya leo. Kilichobaki vilevile kiliandikwa kwa weusi wa kawaida. Kilichoongezeka kiliwekewa rangi ya kijani, kilichotoweka kikawekewa nyekundu. Khalfan aliteremsha ukurasa, akateremsha, akateremsha tena.

"Bwana wee."

"Kuna nini?"

"Hamna kitu. Ndo ninachoshangaa. Simu ya mtu ikikaa mwaka mzima, hapa panakuwa kama bustani ya mchicha na nyanya. Kuna ile ya Mama Wamaitha juzi, kompyuta iliomba kupumzika. Yako weusi mtupu, kaka. Kengele ya kuamkia ileile. Picha ya mbele ileile. Watu unaowapigia walewale, yaani kazini na benki." Alibonyeza mahali penye kijani. "Picha mpya hizi hapa. Kibao cha mahali ulipoegesha gari. Chupa ya mafuta ya injini. Na hiki ni nini?"

"Kidole."

"Kidole chako?"

"Nadhani."

"Basi ndo mwaka wako huo."

Silvanus aliitazama safu ya kulia kama mtu anavyosoma tangazo la kifo cha mtu asiyemjua vizuri. Kisha ukurasa ukafika chini, na chini kukawa kwekundu. Kushoto kulikuwa na majina: Familia ya Mzee Ndunguru, Dada Beni, Osmundi, shangazi, binamu, Jumuiya ya Mtakatifu fulani. Kulia hakukuwa na kitu, ila ujumbe mmoja wa Krismasi kwa dada, usiojibiwa.

"Hapa ndo pamemwagika damu," alisema Khalfan, sasa bila mzaha. "Ulifuta?"

"Wamenitoa."

"Nani?"

"Nyumbani. Kwenye kundi."

"Mtu akitolewa kwenye grupu, grupu linabaki kwenye simu yako, limeandikwa umetolewa. Unaweza kukaa unalitazama mpaka roho ikuume, wengi wanafanya hivyo. Hapa hamna grupu lenyewe. Hamna hata mazungumzo ya zamani na dada." Alisogeza kioo. "Tazama namba. Kushoto hii ya akaunti inaanza mbili tano tano, ya nyumbani. Kulia, mbili nne sifuri, ya hapa Maryland. Kaka, umehama nyumba, halafu umekaa ndani unanuna kwamba wageni hawaji."

"Mimi si nilitaka ile ya zamani. Ikakataa."

"Laini ya zamani iko wapi?"

"Mbinga. Kwa kaka yangu."

"Mwambie aiweke kwenye simu, akusomee tarakimu."

"Alifariki mwaka jana."

Khalfan aliweka sindano mezani. "Pole sana. Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza vipi kitu nisichokijua?" Alirudi kwenye namba ya kushoto. "Laini isipowekwa vocha muda mrefu, kampuni huichukua ikaiuza upya. Miaka yote hiyo uko huku, haikuchukuliwa. Maana yake kuna mtu alikuwa anailisha."

Khalfan aliiandika namba ile ya zamani kwenye simu yake mwenyewe, akaitafuta. Ilikuwapo, hai, na picha yake. Kwenye nakala ya mwaka jana, picha ya namba hiyo ilikuwa Silvanus akiwa na koti kubwa mbele ya theluji, uso wa mtu aliyeambiwa acheke. Sasa kulikuwa na shada la waridi na maandishi: Mungu ni mwema wakati wote.

"Umependeza," alisema Khalfan, kisha akapiga kabla mwenzake hajakataa, akaweka sauti ya nje.

Ilipokelewa upesi. Sauti ya mwanamke, nyuma yake kukiwa na kelele za soko likifungwa.

"Haloo?"

Khalfan alimnyooshea Silvanus kidole. Silvanus akakohoa.

"Naitwa Silvanus Ndunguru. Hiyo namba ilikuwa yangu."

Kelele zilipungua, alikuwa amesogea pembeni. "Jamani. Shikamoo."

"Marahaba."

"Wewe ndo Silvanus mwenyewe? Wa Marekani? Mimi naitwa Atuganile. Nauza viatu hapa Makambako. Laini hii niliinunua stendi mwezi wa kumi na mbili, nilipofungua WhatsApp tu, ukoo mzima unaniita kaka."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia! Niliandika, samahani ndugu zangu, mimi si Silvanus. Mjomba mmoja akajibu, hata sisi tulikuwa na wasiwasi huo. Wakacheka siku nzima. Nikaandika tena, wakasema umeanza utani, kumbe Marekani inafundisha."

Khalfan aligeukia jokofu la samaki, mabega yakimtikisika.

"Ungetoka tu," alisema Silvanus.

"Nilitaka kutoka. Lakini siku ileile mjukuu wa Dada Beni akalazwa, nikasema siwezi kuondoka sijui kama amepona. Alipopona, ikaja harusi. Harusi ilipoisha, yule shangazi wa mahubiri akaanguka. Hamna nafasi ya kutoka kwenu, mzee. Na mimi hapa Makambako nimekuja kutafuta maisha, sina mtu. Asubuhi nikifungua banda nasalimia, watu ishirini wananijibu. Nimekukosea?"

Silvanus alifikiri. "Huwa unaandika nini?"

"Kama watu wanavyoandika. Nawauliza wameamkaje."

Silvanus aliuliza tu kama angeweza kumfikishia Benadetha habari kwamba namba ya Marekani itakayompigia sasa hivi ni yake, apokee. Atuganile akasema ngoja nimwandikie, na kwamba Dada Beni hapokei namba za nje asizozijua, tangu matapeli walipozidi. Kila siku kuna mtu anajifanya ndugu na kuomba hela itumwe kwenye namba hii.

Silvanus alitoka nje kwenye uwanja wa magari, akaingia kwenye gari lake, akafunga mlango. Kulikuwa na jua la Aprili lisilo na joto. Mwanamke alikuwa akipakia magunia ya mchele garini, akimgombeza mtoto kwa Kiswahili, na mtoto akimjibu kwa Kiingereza, na wote wawili walionekana kuridhika na mpango huo. Alipiga.

"Nani?" Benadetha hakuwa amebadilika; aliuliza kama anaita mahudhurio.

"Mimi, dada. Silvanus."

"Silvanus yupi?"

"Kwani tunao wangapi?"

"Wawili. Mmoja anajibu."

Silvanus aliihamishia simu sikio la pili.

"Ulijua kwamba si mimi?"

"Siku ya pili nilijua. Aliniuliza mgongo unaendeleaje. Wewe tangu uzaliwe hujawahi kuuliza mgongo wa mtu."

"Ukamwacha?"

"Nimfukuze kwa lipi? Mtoto wa watu ana adabu. Wewe ndiye ulikuwa umeitupa laini. Nikasema, Osmundi amekufa na huyu naye ameamua, namba yetu ameitupa, basi. Mtu mzima hafuatwi."

"Sikuitupa. Ilikufa."

"Kwa nini ife?"

"Haikuwekwa vocha."

"Nani alikuwa anaiweka?"

Silvanus alijua sasa, alikuwa amejua tangu pale kwa Khalfan, lakini hakutaka kulisema yeye.

"Osmundi," alisema Benadetha. "Kila akienda gulioni anaibeba ile simu ya tochi. Anaiweka vocha ya chini kabisa, anajipigia mwenyewe, inaita, anakata. Anasema, Silva bado yupo hewani. Miaka yote hiyo. Wewe ulifikiri inajilisha yenyewe?"

"Sikufikiri."

"Ndiyo. Hukufikiri."

Mwanamke wa magunia aliondoka. Mahali pake pakaingia gari jingine, kisha likatoka bila mtu kushuka.

"Mimi nilijua mmenitoa," alisema Silvanus.

"Tukutoe kwa kosa gani?"

"Kutokuja kuzika."

"Hilo walilisema," alikubali Benadetha. "Wiki ya kwanza walilisema sana. Shangazi alilisema mpaka akakaukiwa. Wiki ya pili mahindi yakawa tayari, watu wakaingia shamba."

"Halafu?"

"Halafu nini? Nimekwambia mahindi."

Miezi minne alikuwa amekaa kwenye kochi akitumikia adhabu iliyokuwa imekwisha kabla hata laini haijakatwa.

"Msalaba wake mtaweka lini?"

"Tumeshaweka. Mwezi wa tatu, baada ya mvua kubwa. Tangazo lilikuwa kundini." Sauti ya dada ilishuka kidogo. "Atuganile aliandika maneno mazuri sana siku ile. Watu walilia. Baba mdogo alisema, Silvanus amekomaa."

"Alisema hivyo?"

"Sikumwambia kitu. Mzee wa watu alikuwa amefurahi."

Silvanus alifungua kioo cha gari, kikaingiza harufu ya samaki wa dukani na baridi.

"Nikurudishe?" aliuliza Benadetha.

"Nirudishe."

"Yule simtoi."

"Sijasema umtoe."

"Haya. Na uandike jina lako, maana namba yako ni ya matapeli."

Simu ilitoa mlio kabla hajaandika chochote. Familia ya Mzee Ndunguru. Alikuwa ndani, namba tupu bila jina wala picha, chini ya Silvanus mwenye waridi. Ujumbe ukaanza kuingia. Huyu nani? Dada Beni umeweka nani humu? Hizo namba za nje ndizo zile za tuma kwenye namba hii, jamani tuwe makini. Mtoeni kabla hajaanza. Yeye aliandika, Ni mimi Silvanus, akafuta, kwa kuwa ndivyo tapeli angeandika. Akaandika jina la kijiji. Akafuta. Kidole kile cha kwenye picha kilikuwa kinene na hakijazoea haraka.

Silvanus mwenye waridi akamtangulia. Ndugu zangu, huyo ndiye kaka Silvanus mwenyewe. Mimi ni Atuganile, niliwaambia mkacheka. Dada Beni anajua.

Kundi likanyamaza. Kwa Familia ya Mzee Ndunguru hiyo haikuwa hali ya kawaida. Kisha likalipuka. Atuganile ni nani? Wa wapi? Ana watoto? Kumbe ndiyo maana! Baba mdogo akasema kwamba yeye alihisi, jambo ambalo hakuna aliyelipinga. Shangazi aliyeanguka akataka kujua kama Makambako kuna baridi kama zamani na kama viatu vya wazee wenye miguu ya kuvimba vinapatikana. Mtu akamwambia Atuganile asithubutu kutoka. Mtu akamwita wifi. Katikati ya yote hayo Silvanus alifanikiwa kutuma ujumbe wake, Habari za jioni nyote, na ukapandishwa juu na maswali ya viatu mpaka ukapotea kiooni. Ulijibiwa na watu wawili. Mmoja aliandika, Nzuri.

Alikuwa anaiweka simu kwenye kiti cha pembeni Benadetha alipomtumia video, faraghani, bila neno. Ilichukua muda kushuka.

Yalikuwa makaburi ya kwao, kilima kile, udongo mwekundu umelowa ukishika viatu vya watu. Msalaba wa saruji ulikuwa umesimamishwa, bado una alama za vidole vya fundi. Katekista alishika kipaza sauti, akaita wa kuweka mashada ya maua kama inavyotakiwa, kundi kwa kundi. Mke wa marehemu. Watoto wa marehemu. Kila walipoitwa walisogea, wakainama, wakarudi. Kisha ndugu wa kuzaliwa. Akawaita mmoja mmoja kwa umri. Benadetha alisogea kwa mgongo wake. Akafuata mwingine, na mwingine.

"Silvanus," katekista alisoma. "Aliyeko Marekani."

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyegeuka. Katekista alishusha kipaza sauti na kusubiri, kwa muda uleule aliowasubiri wengine, muda wa mtu kutoka mahali aliposimama, kufika kaburini, kuweka shada na kurudi. Kwenye video ulisikika upepo tu. Watu walisimama wakimpa nafasi apite, wakaacha njia wazi katikati yao, na njia ile ikakaa wazi mpaka muda wake ukaisha.

"Wajukuu," alisema katekista.